Punta Cana, Negril au Cancún: bangili ipi inakufaa

Mdogo wangu alinipigia Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, theluji imefika magotini hapa Toronto. Shule zinafunga wiki moja mwezi wa tatu, shemeji kapewa likizo, na kwenye simu yake kuna bei tatu za hoteli za Karibiani, zile za kulipa mara moja ukala, ukanywa na ukalala bila kuulizwa tena: moja Punta Cana (Jamhuri ya Dominika), moja Negril (Jamaika), moja Cancún (Mexico). "Dada, tuchukue ipi?" Msafara ni wa watu watano: yeye, mumewe, watoto wa miaka sita na kumi, na mama mkwe aliyekuja kutoka Pangani kumtembelea mwanawe, ambaye mpaka leo haelewi kwa nini mtu mwenye akili zake ahamie mahali ambapo maji yanaganda. Hakuna anayekunywa pombe.

Nimeshalala sehemu zote tatu, kwa hiyo nilimjibu kwa swali: mkishafika, mtatoka nje ya geti au hamtoki? Kama hamtoki, nendeni Punta Cana. Kama mtatoka kila siku kwa miguu, nendeni Negril, na huenda hata hicho kifurushi hamkihitaji. Kama mtatoka mara mbili tatu kwa gari kwenda kuona kitu cha maana kisha mrudi kulala, basi Cancún, au pwani inayoshuka kusini yake. Nyota za hoteli na picha za mitende niliziweka kando. Mitende ipo kote.

Bando na masharti yake

Hoteli hizi ni kama bando la simu lisilo na kikomo. Neno "kikomo" ndilo la kuchunguza. Wazo lenyewe halikuzaliwa Karibiani. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alianzisha Club Med kwa kambi ya mahema kisiwani Mallorca, na baadaye wageni wake wakawa wanalipia vinywaji vya baa kwa shanga walizovaa shingoni. Shanga zimeondoka, imekuja bangili ya plastiki. Wanakufunga mapokezi, unaoga nayo, unalala nayo, na rangi yake inamwambia mhudumu wewe ni wa daraja gani. Ndiyo, madaraja yapo hata humo ndani. Kuna hoteli zenye sehemu ya ufukwe na mkahawa mmoja ambako bangili yako ya kawaida haikuingizi.

Kwa kawaida bando linabeba chumba, bafe asubuhi mpaka usiku, vinywaji, bwawa, michezo isiyotumia injini na burudani za jioni. Haliwabebi wakandaji, safari za boti, kupiga mbizi, na mara nyingine kamba wakubwa wa siku maalumu. Ile mikahawa mizuri ya kukaa ukahudumiwa mezani mara nyingi ina foleni ya kuweka nafasi, na asiyeiwahi siku ya kwanza atakula bafe wiki nzima. Bakshishi inasemekana imo. Beba noti za dola moja moja hata hivyo. Dada anayesafisha chumba na kijana wa kwenye bafe wataziona, na wewe utaona tofauti kwenye taulo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba sehemu kubwa ya utamu wa bei hii ni pombe. Mtu anayekunywa glasi sita kwa siku anamkimbia muuzaji na faida yake. Mwislamu anayekunywa juisi ya chungwa anamlipia yule wa glasi sita. Kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe. Tafuta bei ya chumba na kifungua kinywa hoteli ya jirani, siku zilezile, uitoe kwenye bei ya kifurushi. Tuseme inabaki dola 160 kwa usiku kwa watu wazima wawili. Hiyo ni dola 80 kwa kichwa kwa chakula cha mchana, cha jioni na soda. Je, nyinyi mnakula cha dola 80? Negril, ukila samaki na wali kibandani, hufiki huko. Punta Cana nje ya hoteli kuna mahali mlo ni rahisi hivyo, lakini unahitaji teksi kufika, na teksi yenyewe inakula ile nafuu.

Watoto wanabadilisha hesabu. Hoteli nyingi huwatoza nusu au kuwaachia bure, na hao ndio wanaolitumia bando kweli. Mtoto wa miaka sita anaomba aiskrimu saa nne, saa sita, saa nane, na hufungui pochi. Mzazi aliyewahi kuwa ufukweni na watoto anajua hilo lina thamani gani.

Nje ya geti

Punta Cana ni ncha ya mashariki ya Jamhuri ya Dominika, na uwanja wake wa ndege una majengo yaliyoezekwa kwa makuti. Mtu wa pwani akitua hapo anajisikia nyumbani kabla hajaulizwa pasipoti. Hoteli nyingi zimejipanga Bávaro na juu kidogo, Uvero Alto. Kutoka uwanjani mpaka Bávaro ni nusu saa tu, jambo kubwa ukiwa na mama mwenye magoti mabovu. Lakini huu si mji wa zamani uliopata hoteli. Hoteli ndizo zilizouanzisha. Ukitoka getini unakuta barabara pana, ukuta wa hoteli nyingine, na vijana wa motoconcho, ambao ni bodaboda hasa, tofauti ni Kihispania. Mji wenye historia ni Santo Domingo, karibu kilomita 200, saa mbili na nusu kwa gari. Mtaa wake wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1990, na unastahili siku nzima. Watu wengi hawaendi. Wanachukua boti ya kisiwa cha Saona, wanapigwa jua, wanarudi.

Negril ni kinyume chake. Ndege inatua Montego Bay, kisha saa moja na nusu barabarani, mkishikilia kushoto kama nyumbani. Ufukwe unaitwa wa Maili Saba ingawa haufiki saba, na unatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama baharini mbele yako kila siku bila malipo ya ziada. Hoteli, nyumba za wageni, vibanda vya samaki na baa zimepangana mchangani bega kwa bega. Unatembea tu. Barabara iko nyuma yake, na teksi za kuchangia zenye namba nyekundu zinapita kama daladala ndogo: unanyoosha mkono, unabanana, unalipa kidogo. Kiingereza kinatosha, na Kipatwa, lugha ya wenyeji, utakizoea baada ya siku mbili. Papasi wapo, tena wengi: atakuja wa shanga, wa nazi, wa bangi, wa kusuka nywele. Aliyekulia Zanzibar au Diani ana kinga ya kutosha. Aliyekulia bara ajifunze kusema "hapana, ahsante ndugu" huku anatembea. Kuhusu bangi, sheria ya 2015 ilifanya kukutwa na kiasi kidogo kuwa kosa la faini badala ya jela. Uwanja wa ndege wa kwenu haujasikia habari hiyo.

Jamaika ina geti la namna nyingine pia. Sheria ya fukwe ya 1956 haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kufika baharini, na wenyeji wamekuwa wakipiga kelele kadiri hoteli zinavyozidi kuizungushia ukuta pwani ya kaskazini. Mexico na Dominika fukwe ni za umma kisheria, ingawa njia ya kuufikia huo ufukwe ni kisa kingine. Nililifikiria hili nikiwa nimekaa kwenye kiti cha hoteli Montego Bay, mlinzi akimrudisha mzee mwenye ndoo ya samaki. Nilikuwa na bangili mkononi na sikujua nitazame wapi.

Cancún ni mji uliochorwa mezani. Serikali ya Mexico ilianza kuujenga 1970 kwenye mchanga uliokuwa karibu mtupu, na eneo la hoteli ni ukanda mwembamba wenye umbo la 7 kati ya ziwa la pwani na bahari. Mabasi ya R-1 na R-2 yanaupita siku nzima, kwa hiyo hata hapa unaweza kutoka bila kumwomba mtu. Kizuri zaidi kiko mbali kidogo: Chichén Itzá, karibu kilomita 200, kivuko cha Isla Mujeres, kama dakika ishirini majini, na zile cenote, mashimo ya maji baridi maangavu ndani ya mawe ya chokaa. Aliyewahi kuoga kwenye pango la Kuza kule Jambiani azidishe mara kumi. Playa del Carmen, saa moja kusini, ina mtaa wa kutembea jioni na watoto wakila mahindi. Ningelala huko kuliko Cancún yenyewe, hasa mwezi wa tatu, kwa sababu ndio mwezi ambao wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanashuka Cancún kwa maelfu na muziki unapigwa mpaka alfajiri. Nilimwambia mdogo wangu: na mama mkwe? Hapana.

Sahani

Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi kwenye simu, kwa kuwa mama mkwe hali nyama asiyojua imechinjwa na nani.

Bafe za hoteli hizi ni zilezile kila nchi: tambi, pitsa, saladi, nyama ya kuchoma, mayai unayopikiwa mbele yako. Nyama ya nguruwe ipo mezani asubuhi na jioni, na koleo moja hutembea sahani tatu. Andika barua pepe kabla, uliza kuhusu halali. Jibu la kawaida litakuwa samaki, mboga na mayai, na wapishi wengi watakupikia pembeni ukiomba kwa upole siku ya kwanza. Mexico kuna mtego mmoja: maharage ya kusagwa na hata baadhi ya chapati zao za ngano hutiwa mafuta ya nguruwe. Chapati za mahindi kwa kawaida ziko salama. Sahani maarufu ya Yucatán, cochinita pibil, ni nguruwe tangu jina lake. Tafuta tikin xic badala yake, samaki aliyepakwa achiote, kiungo chekundu, akafungwa jani la mgomba akabanikwa. Mtu wa Pangani hahitaji maelezo zaidi.

Dominika wana mangú, ndizi mbichi zilizochemshwa zikapondwa, zinaliwa asubuhi na vitunguu vya siki. Mtu wa Bukoba atanung'unika kidogo, kisha ataongeza. Wana pia moro de guandules, wali uliopikwa pamoja na mbaazi, na upande wa Samaná wanautia tui la nazi. Mbaazi, wali, tui. Tatizo ni kwamba bafe ya watalii inautoa mara moja kwa wiki, "usiku wa Dominika", kama vazi la makumbusho.

Jamaika ndiyo inayoshinda, na haishindii hotelini. Wali wao wa Jumapili ni wa maharage na tui la nazi, na karibu na Krismasi maharage yanapisha mbaazi, wao wanaziita gungo. Shelisheli lipo, lile lile letu, lililoletwa 1793 kwa meli ya Kapteni Bligh kuwa chakula cha watumwa. Wanalichoma zima juu ya makaa mpaka ganda linakuwa jeusi, wanalimenya kwa kisu, ndani ni jeupe na linatoa mvuke kama mkate. Asubuhi wanakula ackee na samaki wa chumvi. Ackee ni tunda la njano laini linalofanana na mayai ya kuvuruga, na lazima lipasuke lenyewe mtini kabla ya kuchumwa, kwa sababu bichi lina sumu. Jerk, nyama iliyopakwa viungo vikali ikachomwa, ni ya kuku au nguruwe, na mara nyingi wanalala kwenye jiko moja, kwa hiyo uliza. Mwenye kibanda atakwambia ukweli bila kuona aibu. Marasta wengi wenyewe hawagusi nguruwe, swali lako halimshangazi mtu.

Bahari yenyewe

Tangu 2011 pwani za Karibiani zimekuwa zikivamiwa na mwani wa kahawia unaoelea kutoka Atlantiki. Wenyewe wanauita sargazo. Kwetu Paje na Jambiani mwani ni kazi ya akina mama na ada za shule. Huko unazolewa kwa trekta alfajiri kabla wageni hawajaamka, na ukiachwa ukaoza unanuka yai viza. Huanza kuonekana karibu na mwezi wa tatu, na balaa lenyewe ni wa tano hadi wa nane. Pwani zinazotazama mashariki ndizo zinazoupokea: Punta Cana, Playa del Carmen, Tulum. Negril inayotazama magharibi hupona mara nyingi, na Isla Mujeres ufukwe wake wa kaskazini pia. Ukisafiri mwezi wa saba na umechagua kwa picha ya maji ya feruzi, jiandae kuoga bwawani.

Vimbunga vina msimu, 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni mwezi wa tisa. Bei hushuka miezi hiyo kwa sababu hiyo. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa, cha daraja la 5, kiliingia Jamaika kutokea kusini-magharibi na kuacha maafa upande wote wa magharibi, kwa hiyo anayepanga Negril au Montego Bay aiulize hoteli waziwazi: mmefungua yote au nusu? Bima ya safari inunuliwe mapema. Kimbunga kikishapewa jina, hakuna atakayekuuzia bima yake.

Walichukua Punta Cana hatimaye. Nusu saa kutoka uwanjani, mchanga mpana, kigari cha kumbeba mama mkwe kutoka chumbani hadi mezani. Kwa familia ile ndilo lilikuwa jibu, ingawa mimi mwenyewe ningerudi Negril kesho. Siku ya pili nikapokea ujumbe wa sauti, mama mkwe ndiye anaongea. Amekaa ufukweni tangu alfajiri anasubiri maji yakupwe atafute kombe, na maji yamegoma. "Muulize dada yako, hii bahari ina ugonjwa gani?" Haina ugonjwa. Kwetu bamvua ikifika maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, unatembea nusu saa hujayafikia. Karibiani mara nyingi hata nusu mita hayafiki. Kwa wazazi wa watoto wadogo ni neema: kina cha asubuhi ndicho cha jioni. Kwa mama wa Pangani ni bahari iliyolala.

Karatasi, na chumba

Wenye ukazi wa Kanada au Marekani, au viza hai ya nchi hizo, kwa kawaida huingia Mexico na Dominika bila viza nyingine, pasipoti ya Tanzania au Kenya ikiwa mkononi. Dominika wanataka ujaze fomu yao ya mtandaoni, ni bure. Tovuti inayokudai pesa si yenyewe. Jamaika huwapokea bila viza raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kagua ubalozini hata hivyo kabla ya kulipa. Kosa la wengi haliko kwenye kuingia, liko kwenye kurudi: kadi ya ukazi imebaki kwenye droo Mississauga, au viza ya mama ni ya kuingia mara moja tu. Tuliikagua ya mama mkwe mara mbili.

Unayeondoka Dar au Nairobi moja kwa moja, ukitaka tu hoteli ya kulipa mara moja, sikushauri. Nungwi, Kiwengwa, Diani na Watamu wanazo, na huhitaji kuvuka Atlantiki kwa ndege mbili tatu na viza ya kupitia. Marekani hata kubadilisha ndege tu kunadai viza. Ukienda, uwe na sababu ya Karibiani yenyewe, na uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Mwisho, soma aina ya chumba neno kwa neno. Mimi safari yangu ya kwanza nilijazia pesa nzuri kwa chumba chenye "mandhari ya bahari kwa sehemu". Nilifika usiku, nikalala na furaha. Asubuhi nikafungua pazia nikakuta paa la jiko na mafeni yake matatu. Nikatoka roshanini, nikashika nguzo, nikainama upande wa kulia mpaka mume wangu akanishika nguo, na kweli, kati ya ukuta na mnazi, ilikuwepo: buluu, ukubwa wa leso ya mkononi.